Swali la Kumi na Tisa

Swali la kumi na tisa nililiandika mwenyewe, kwa taipureta ya kuazima, kwenye meza ya walimu katika shule ya upili niliyokuwa nikifundisha pale Thika. Lilikuwa na visanduku vitatu. Umezaa watoto wangapi? Walio hai ni wangapi? Waliofariki ni wangapi? Kila kisanduku kilitosha tarakimu moja, mbili ukibana mwandiko. Kati ya maswali arobaini na mawili ya hojaji ile, hilo ndilo nililoliona rahisi kuliko yote, na ndilo pekee ninalolikumbuka neno kwa neno. Nalikumbuka kwa sababu ya mama mmoja wa Gitothua, ambaye hakutaka kitu kingine chochote kutoka kwangu ila mtoto wake aliyekufa aandikwe katika kile kisanduku cha tatu, wakubwa wa chuo wamwone.

Nitaeleza nilivyomwandika, na nilichomfanyia baadaye. Sasa sina haraka. Haraka nilikuwa nayo miaka ile.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimejiandikisha kusomea shahada ya pili ya sosholojia, shahada ya miaka miwili ambayo kwangu ilikuwa imeingia mwaka wa tano. Chuo kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa kama kioski. Wanafunzi wakirusha mawe, tunatumwa nyumbani. Wanafunzi wakirudi, wahadhiri wanagoma. Wahadhiri wakirudi, faili yako haionekani. Nilikuwa nimefika umri wa kuulizwa na shangazi zangu, katika kila arusi, kama hicho kitabu ninachosoma hakina ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nikicheka nao, kisha narudi kwangu nikiwa nimekasirika hata chai haipiti.

Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na upole wake ulikuwa mzigo, kwa maana huwezi kugombana na mtu wa namna hiyo. Siku moja aliniita ofisini akaniambia amepata kazi ng'ambo, ya miaka mitatu, na ataondoka muhula ukiisha. Nikimkabidhi hojaji zilizojazwa na tasnifu iliyopigwa chapa kabla ya hapo, tutamaliza pamoja. Nisipofanya hivyo nitapewa msimamizi mwingine, na msimamizi mwingine huja na mapenzi yake, na mara nyingi mapenzi yake ni kwamba uanze upya. Nilimwambia nitamaliza. Nilisema hivyo nikiangalia sakafu.

Nilikuwa nachunguza maisha ya akina mama wapangaji, wale wanaoishi chumba kimoja kimoja katika ploti, milango ikitazamana, bomba moja la maji katikati na kamba za nguo zikivuka ua kila upande. Theluthi moja ya hojaji ilikuwa ya Kiganjo, huku kwetu Thika. Zilizobaki nilizigawa kati ya Gitothua na Mwihoko, upande wa Ruiru. Kanuni ilikuwa kubisha kila mlango wa tatu. Vitabuni, mlango wa tatu hufunguliwa na mama mwenye nafasi. Kwangu mlango wa tatu ulikuwa na kufuli, au mwenyewe alikuwa amekwenda kuchuma kahawa na angerudi jua likizama, au alitokea mwanamume aliyevaa fulana akataka kujua kwanza ni chama gani cha siasa kilichonituma. Nikifunga shule alasiri nilikuwa nabeba mfuko wangu wa karatasi za stensili na kwenda kubisha. Jumamosi nilibisha kutwa nzima. Nilianza kuota milango.

Mimi nilikuwa naiita hojaji. Wao waliiita fomu, na jina hilo lilikuwa limeshaniharibia kabla sijafika. Fomu ilikuwa kitu cha chifu, au cha mwanasiasa, au cha kanisa, na kila aliyewahi kujaza moja alikuwa bado anangoja kilichoahidiwa.

"Na ile ingine tulijaza ya stima," mama mmoja wa Mwihoko aliniuliza, "hiyo ilienda wapi?"

Nikamwambia mimi si mtu wa stima, sihusiki na umeme.

"Wote husema hivyo," akanijibu, akaendelea kumenya viazi.

Halafu kulikuwa na safari ya lugha. Maswali niliyatunga kwa Kiingereza ili msimamizi ayakubali, nikayatafsiri kwa Kiswahili ili yakae kwenye karatasi, kisha mlangoni nikayauliza kwa Kikuyu ili yajibiwe. Jibu nalo lilirudi kwa njia ile ile. Likifika kwenye karatasi lilikuwa limepauka kama leso iliyosahauliwa kwenye kamba wiki nzima. Mama akikueleza kwa robo saa jinsi mumewe alivyoondoka, wewe unaweka alama ya vema mbele ya "Anaishi peke yake."

Swali la kumi na tisa lilinishinda kwanza Kiganjo. Nilikuwa nikimhoji mama mmoja kijana, na mama yake mzazi alikuwa ameketi kando yetu akichambua maharagwe, cucu, yaani bibi, mmoja mkavu, macho bado makali. Nilipouliza idadi ya watoto, cucu aliinua mkono hata kabla binti yake hajafungua mdomo.

"Wewe mwarimu, hawa watoto ni mbuzi?"

"Hapana, cucu."

"Sasa unawahesabu ya nini?"

Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa najua. Nyumbani kwetu mama yangu hakuwahi kutaja idadi yetu maishani mwake. Ukimuuliza ana watoto wangapi alikuwa akikujibu, "Ni hao unaona." Kwetu watoto hawahesabiwi kwa sauti, ukitaja hesabu yao unaonekana kama unayeita jambo lije kuwapunguza. Nililelewa ndani ya mwiko huo, nikaenda shule, nikafundishwa kutunga maswali, nikausahau kabisa. Ilibidi bibi wa watu na maharagwe yake anikumbushe.

Lakini hakunifukuza. Alinifundisha. "Uliza majina," alisema. "Majina haina shida. Kuhesabu ufanye huko kwa roho yako."

Tangu siku hiyo nikawa nauliza majina, wa kwanza anaitwa nani, anayemfuata anaitwa nani, huku nikikunja vidole chini ya karatasi. Majina yenyewe sikuyaandika, maana ukurasa wa kwanza wa hojaji uliahidi kwa herufi kubwa kwamba hakuna jina litakaloandikwa.

Majina yaliniambia mengi kuliko nilivyoomba. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu limependeza. Mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hufuata nyanya zao vivyo hivyo. Kwa hiyo mama akikutajia watoto wake kwa mpangilio, nawe ukijua jina la baba mkwe wake, utaona kama kuna pengo. Mara nyingi huoni, kwa sababu jina hurudishwa. Mtoto akifariki, anayezaliwa baada yake hupewa jina lile lile, na watu husema yule amerudi. Nililiona jambo zuri. Niliona ni njia ya kumpangusa mama machozi, na sikufikiri zaidi ya hapo mpaka nilipofika Gitothua.

Nilifika Gitothua nikiwa nimechoka vibaya. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, na udongo mwekundu ulikuwa ukinata viatuni hadi nikawa narefuka kila hatua. Hojaji moja ilinichukua karibu saa nzima. Muhula ulikuwa umebakiza wiki tano, na tasnifu yenyewe bado ilikuwa kichwani. Hapo ndipo nilipofanya jambo nililofundishwa nisilifanye. Kuna hojaji za kuuliza ana kwa ana, na kuna hojaji za kuacha, ambazo mtu hujijazia mwenyewe. Za kuacha ni za watu waliozoea karatasi, kila mmoja peke yake na kalamu yake. Nilikuwa nimeufanyia mtihani ujuzi huo, na nikaupita vizuri.

Katika ploti moja kubwa nilikutana na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Alinitazama miguu, akanihurumia.

"Tuachie hizo fomu, mwalimu. Enda upumzike. Sisi tutajaza vizuri kukuliko."

Nilimwachia kumi na tano. Nikamwambia, tena mara mbili, kila mtu ajaze yake.

"Kabisa," alisema.

Jumamosi iliyofuata nilizikuta zikiningoja ndani ya bahasha safi. Zote kumi na tano zilikuwa kwa mwandiko mmoja, mwandiko wa katibu, herufi za mviringo, kalamu ya buluu, na majibu yamepigiwa mstari kwa rula. Juu yake kulikuwa na kumbukumbu za mkutano. Kikao kilifunguliwa kwa maombi. Wanachama wawili walituma udhuru. Ajenda ilikuwa fomu za mwalimu. Maswali ya kwanza hadi ya arobaini na mbili yalijadiliwa, wanachama wakakubaliana, chai ikanywewa, kikao kikafungwa kwa maombi. Walikuwa wamelijadili kila swali mpaka wakapata jibu moja, na jibu hilo katibu akalinakili mara kumi na tano.

Nani mkuu wa nyumba yako? Mungu. Wote kumi na tano, Mungu. Je, unaridhika na ndoa yako? Tunaridhika. Umezaa watoto wangapi, walio hai ni wangapi? Wanatosha. Waliofariki? Hakuna.

Nilitaka kucheka, nikakuta machozi ndiyo yaliyo karibu. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele yangu akingoja sifa.

"Umeona hakuna kufutafuta hata mahali moja?"

"Nimeona, mama. Ni safi sana. Lakini si kila mtu ana maisha yake?"

Alinitazama kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya nyumba. "Mwalimu, sisi ni kikundi. Tukiandika vitu tofauti tofauti, hao watu wako watasema hatuelewani."

Sikuwa na nguvu ya kubishana, na kusema kweli sikuwa na haki. Mimi ndiye niliyewapa karatasi nikaenda kulala. Walikuwa wamefanya kazi ile kama wanavyofanya kila kazi yao, ya mazishi, ya arusi, ya kununuliana mapipa ya maji: kwa pamoja, na kwa utaratibu kuliko idara yetu. Nikanywa chai yao, nikashukuru, nikaondoka na bahasha ambayo nilijua haina faida.

Sikuwa nimefika mbali niliposikia naitwa.

"Mwalimu! Ngojea kidogo."

Alikuwa mmoja wa wale akina mama, mwembamba, wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa akigawa vikombe nilipokuwa nikinywa chai yao. Alikuwa akifua nguo za watu, mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji na sabuni. Alikuja akikimbia na malapa.

"Ile yangu si yangu," alisema.

"Kwani ni ya nani?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Ni ya kikundi. Nipatie ingine nijaze na wewe."

Hojaji tupu zilizobaki mfukoni zilikuwa chache, na zote nilikuwa nimezipangia Mwihoko. Nyayo zilikuwa zikiniwaka moto.

"Mama, nimechoka."

"Hata mimi," alisema.

Tukaketi kwenye baraza ya kinu cha unga kilichokuwa kimefungwa. Alijibu haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amekariri njiani. Mkuu wa nyumba ni mume wake. Ndoa, alisema, iko hivyo hivyo, kama za wengine; nikalitafutia jibu hilo kisanduku, sikukipata. Tulipofika swali la kumi na tisa nilianza kama nilivyofundishwa Kiganjo, wa kwanza anaitwa nani. Akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Usiniulize majina. Niulize namba."

Hakuna mama aliyewahi kuniambia hivyo, kabla yake wala baada yake.

"Nimezaa wanne," alisema. "Wako watatu. Mmoja aliaga."

Kisha akanieleza, bila mimi kumuuliza. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mvulana, akapewa jina la baba ya mumewe, kama ilivyo desturi. Aliishi mpaka akaanza kutembea kwa kushika ukuta. Akapata homa, siku tatu, ya nne akawa hayuko. Mwaka uliofuata akazaliwa mvulana mwingine, na mama mkwe akampa jina lile lile, akafurahi, akasema mzee mwenye jina amekataa kuondoka. Mtoto wa pili akavalishwa nguo za wa kwanza. Watu wote wakamhesabu yeye ndiye kifungua mimba.

"Sasa nikisema kulikuwa na mwingine, wananiambia si ndiye huyu. Na si yeye, mwalimu. Huyu ni mpole, anapenda kulala. Yule alikuwa mkorofi, haki ya Mungu, alikuwa ananiuma hapa." Alionyesha bega. "Jina ni moja. Siku ingine nikimkumbuka, nikiita pole pole tu, huyu ndiye anaitika."

Katika kile kikao, katibu alipofika swali la kumi na tisa, yeye aliinua mkono akasema ana mmoja wa kuandikwa. Mwenyekiti alimjibu kwa upole, "Huyo alirudi, mama," na wengine wakaitikia kwamba ni kweli, alirudi. Ndipo ikaandikwa hakuna. Hawakuwa watu wabaya. Alipofiwa, wao ndio waliokuwa wakimletea uji na kumfulia. Walitaka tu asilie tena.

"Kwa karatasi yako hakuna majina," aliniambia. "Nilisoma hapo mbele. Ni namba tu. Kwa jina ni mmoja, kwa namba wako wawili."

Nikaandika nne, tatu, moja. Aliichukua karatasi akaitazama ile moja kwa muda mrefu, akiigeuza kuelekea mwangani.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Na hao wakubwa wa chuo wataona?"

"Wataona."

"Itaingia kwa kitabu?"

"Itaingia."

"Ukimaliza uniletee hiyo kitabu nione mahali yuko."

Nilimwahidi. Niliahidi upesi, bila kufikiri, kwa sababu nilimhurumia sana, na pia kwa sababu nilitaka aniache niende nikavue viatu. Mambo yote mawili yalikuwa moyoni kwa pamoja, na sitajifanya kwamba la kwanza ndilo lililokuwa kubwa.

Msimamizi alizikataa zile kumi na tano hata kabla hajaketi. Aliniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, kama nimezipika. Nikamwonyesha kumbukumbu za mkutano. Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa, akasema karatasi ile moja ina thamani kuliko hojaji zote nilizoleta, ila kompyuta haiwezi kuila. Nikaambiwa nijaze nyingine badala yake. Nilidanganya shuleni kwamba naugua, nikarudi Gitothua kwa siku nne mfululizo, milango mingine, akina mama wengine, nikiwakwepa wale wa kikundi kama mtu anayekwepa mashemeji. Hojaji ya yule mama aliikubali. Ilikuwa imejazwa ana kwa ana, alisema, kama inavyotakiwa.

Kisha kazi ikahamia kwenye chumba cha kompyuta. Kila jibu likageuzwa tarakimu, kila tarakimu ikaingizwa kwa kidole changu kimoja, na mwisho mashine ikatoa makaratasi marefu yenye matundu pembeni. Safu ya tatu ya swali la kumi na tisa ilikuwa karibu tupu. Sikushangaa. Nilikuwa nimeshajua ni wangapi wasiotaka kuhesabu, na ni watoto wangapi waliorudi. Palikuwa na akina mama wachache sana waliotaja aliyekufa, na miongoni mwao nilimjua mmoja.

Msimamizi alipitisha kalamu ya risasi juu ya ukurasa.

"Hawa ni wachache mno," alisema. "Hawawezi kusimama peke yao kwenye jedwali. Wachanganye na waliokataa kujibu, fungu moja, uwaite Wengine."

"Lakini hawa walijibu."

"Najua." Aliiweka kalamu chini. "Swali liliulizwa vibaya. Dawa yake ni kulitunga upya kwa namna wanayoweza kulijibu, urudi kwa wote ukaulize tena. Una muda?"

Hakuwa akinidhihaki. Lilikuwa swali la kweli, na lingekuwa somo zuri kuliko yote aliyonifundisha. Nyuma yake kulikuwa na masanduku ya vitabu, tayari yamefungwa kwa kamba. Nikayatazama. Niliwaza kwamba naweza angalau kuandika aya moja, au maelezo madogo chini ya ukurasa, kuhusu majina yanayorudi na mama aliyeomba namba. Niliiwaza aya hiyo njia nzima hadi Thika. Lakini sura ilitakiwa kwa mpiga chapa Jumatatu, na marejeo yalikuwa hayajapangwa, na daftari za wanafunzi wa kidato cha tatu zilikuwa zimejaa mezani. Sikuiandika. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka shahada yangu.

Nikaipata. Shangazi zangu wakapiga vigelegele, wakasema hatimaye ukurasa wa mwisho umeonekana. Tasnifu ikafungwa jalada jeusi gumu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Ilikaa kabatini kwangu miezi mingi. Nikiwa na safari ya Nairobi, nilikuwa nikipita Ruiru nikitazama upande ule mwingine wa barabara, mtu mzima mwenye digrii mbili. Hatimaye nilikutana na mwenyekiti wa kikundi sokoni Thika, akinunua nyanya. Alinisalimia kwa kelele za furaha, akauliza fomu zao zilisaidia watu kiasi gani. Nikamwambia zilisaidia sana. Ndipo akasema, kama aliyekumbuka kitu kidogo, "Na kuna mtu kule kwetu anakungoja na kitabu."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nilimkuta uani, amezungukwa na mabeseni, kamba zote zimejaa mashuka ya watu. Hakunilaumu kwa kuchelewa. Alipangusa mikono kwa leso, akaipuliza, akaipangusa tena, ndipo akakipokea kitabu. Akakipima uzito.

"Ai, ni kizito. Yuko wapi?"

Nilikuwa nimetia kipande cha gazeti kwenye ukurasa wenyewe. Nikafungua, nikaweka kidole. Aliinama akatafuta kwanza kwa macho, kisha kwa kidole chake mwenyewe, mstari baada ya mstari.

"Yangu ilikuwa moja," alisema. "Hapa sioni moja."

"Wameunganishwa. Yuko ndani ya hii."

Alisoma lile neno la Kiingereza kwa kulikata vipande, kama tulivyokuwa tukisoma shule ya msingi. Yeye alikuwa amefika darasa la saba.

"Hii inasema nini?"

"Inasema wengine."

Alifikiri. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mashuka nyuma yake.

"Wengine na akina nani?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema na watoto wa akina mama wengine, na angefurahi, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimemtazama akipangusa mikono mara mbili.

"Na wale waliokataa kujibu," nilisema.

Kidole chake kilikuwa bado kwenye neno.

"Lakini mimi sikukataa, mwalimu. Mimi nilijibu."

Nikamwambia ni kweli, alijibu. Alifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, akainama kwenye beseni akaendelea kufua.